Pedi za breki: Kipimo ni unene, wala si kilomita

MIRAA ikishachumwa huanza kunyauka, na baada ya siku mbili hivi bei yake imeporomoka. Ndiyo sababu pikapu zitokazo Laare, katika milima ya Nyambene, Kaunti ya Meru, huendeshwa kana kwamba zinafukuzwa. Wa kwanza kulipia haraka hiyo ni breki.

Pedi ya breki ni kipuri kilichoundwa ili kiishe. Huibana diski inayozunguka na gurudumu, na msuguano hugeuza mwendo wa gari kuwa joto. Pedi mpya husagika kidogo hadi ilingane na diski, kisha hulika polepole kwa muda mrefu. Ikishakuwa nyembamba haina tena uwezo wa kuhimili joto. Hulika upesi, na joto hilo hupenya hadi kwenye mafuta ya breki.

Mafundi wengi humwambia mwenye gari arejee baada ya kilomita kadhaa. Ushauri huo wamfaa anayesafiri tambarare bila mzigo. Gari lililosheheni, likishuka milima kila usiku, laweza kumaliza pedi mapema mno. Heri kupima. Pedi mpya huwa na unene wa milimita 10 hadi 12. Ikifikia 3, ibadilishwe. Nyingi zina kibati kidogo kinachokwaruza diski na kupiga yowe ili kumwonya dereva. Mkwaruzo mzito wa chuma kwa chuma ukisikika, diski nayo imeanza kuharibika.

Mafuta ya breki husahaulika zaidi, ingawa huenda ndiyo yenye hatari kubwa. Hufyonza unyevu wa hewani, na kadiri unavyozidi ndivyo yanavyochemka mapema. Yakichemka mteremkoni hutoa mvuke, na pedali huzama hadi sakafuni bila gari kupunguza mwendo. Hubadilishwa kila baada ya miaka miwili, hata kama pedi bado ni nene.

Barabara ya Meru kwenda Embu inaijua hatari hiyo. Mnamo Julai 24, 2022, basi lililotoka Meru kuelekea Mombasa lilitumbukia katika Mto Nithi na kuua zaidi ya watu 30. Maafisa walishuku breki.

Kwenye mteremko kama huo, dereva aingize gia ya chini kabla ya kuanza kushuka, injini isaidie kuzuia gari. Na pedi za magurudumu ya kushoto na kulia zibadilishwe pamoja, la sivyo gari litavuta upande mmoja likifungwa breki.