Jumba la Mfalme Katika Pwani ya Brighton

Leo twasafiri mpaka pwani ya kusini ya Uingereza, katika mji uitwao Brighton. Kutoka London kwa gari moshi ni mwendo wa saa moja hivi. Siku za jua wageni humiminika huko, na wakishuka stesheni huteremka moja kwa moja kuelekea baharini. Katikati ya mji, kabla hawajafika ufukoni, hukutana na jumba la ajabu lenye kuba kama vitunguu na minara myembamba, ungedhani limechukuliwa Bara Hindi likatuliwa pale usiku mmoja. Jina lake ni Royal Pavilion. Watu hulitazama, hulipiga picha, hulipa kiingilio, wakatoka. Mimi nataka tukae nalo kidogo, maana lina swali ambalo wengi hulipita mlangoni bila kuliuliza: nyumba hii ni ya nani?

Tuanze na bahari, kwa sababu bila bahari jumba lisingekuwapo. Hapo kale Brighton ulikuwa mji mdogo wa wavuvi, ukiitwa Brighthelmstone. Mwaka wa 1514 Wafaransa waliutia moto. Mwaka wa 1703 na tena 1705 dhoruba kali zilibomoa nyumba zilizokuwa karibu na maji, na mji ukazidi kudidimia katika umaskini. Aliyeugeuzia mambo alikuwa tabibu, Dk. Richard Russell wa mji wa jirani wa Lewes. Mwaka wa 1750 alitoa kitabu kwa lugha ya Kilatini, akadai kwamba maji ya bahari ni dawa ya maradhi ya tezi. Wala hakusema mgonjwa aoge tu; alitaka ayanywe pia! Mvuvi wa Pangani au wa Lamu akisikia hayo atacheka, lakini matajiri wa Kiingereza waliamini, wakaja na magari yao ya farasi.

Kuoga kwenyewe kulikuwa na taratibu zake. Mgeni aliingia katika kibanda cha mbao chenye magurudumu, akavua nguo humo huku kibanda kikikokotwa na farasi hadi majini. Akifungua mlango wa upande wa bahari alimkuta mama mmoja mwenye mikono ya nguvu amesimama majini akimngoja, naye alimshika na kumzamisha, apende asipende. Mashuhuri kuliko wote katika kazi hiyo alikuwa Martha Gunn, aliyefariki mwaka wa 1815. Kaburi lake lipo katika uwanja wa kanisa la Mtakatifu Nicholas, na wageni bado hulizuru. Napenda kwamba mji huu umemkumbuka mtu aliyefanya kazi ya mikono, maana si miji mingi ifanyayo hivyo.

Sasa aje mwana wa mfalme. Mwaka wa 1783 George, mwana wa kwanza wa Mfalme George wa Tatu, alifika Brighton akiwa kijana wa miaka 21. Alipenda chakula, divai, farasi, kamari na muziki, na hapo alikuwa mbali na macho ya baba yake. Kisha kulikuwa na siri. Mwezi wa Desemba 1785 alimwoa kwa faragha mjane mmoja, Maria Fitzherbert, mfuasi wa Kanisa Katoliki. Ndoa hiyo haikukubaliwa na sheria ya nchi, kwa kuwa mwana wa mfalme hakuruhusiwa kuoa bila idhini ya mfalme. Kwa hiyo bibi huyo hakupata kuitwa malkia hata siku moja, ingawa alikaa Brighton miaka mingi, akafa huko mwaka wa 1837. Katika kanisa alimozikwa kuna sanamu yake imepiga magoti, na kidoleni ina pete tatu, moja kwa kila ndoa. Serikali ilikana, lakini jiwe halikukana.

Mwana wa mfalme alipanga nyumba ya shamba, na mwaka wa 1787 mjenzi Henry Holland akaigeuza kuwa nyumba nzuri ya kifahari. Baadaye likajengwa banda la farasi lenye kuba kubwa mno, hata watu wakasema kwamba farasi wanalala vizuri kuliko bwana wao. Ndipo kati ya 1815 na 1823 mjenzi John Nash alipolifunika jumba lote kwa umbo tulionalo leo: nje Kihindi, ndani Kichina. George hakupata kufika Bara Hindi wala Uchina, wala Nash hakupata kufika. Waliiga picha za vitabuni, wakaongeza za kichwani mwao. Katika chumba cha karamu taa kubwa ya vioo, yenye uzito wa kama tani moja, inaning'inia chini ya joka la fedha. Jikoni nguzo za chuma zimetengenezwa mfano wa minazi, na juu yake zimewekwa makuti ya shaba. Aliyepata kuiona Beit el Ajaib ya Unguja, ambayo sehemu yake ilianguka Desemba 2020, anajua jinsi nguzo za chuma zinavyoweza kubeba fahari ya mtawala.

Lakini nani alilipa? Hapa mtumie kalamu zenu. Mwaka wa 1787 Bunge lilimlipia mwana wa mfalme madeni ya pauni 161,000. Ilipofika 1795 madeni yake yalikuwa yamepita pauni 600,000, naye akakubali kumwoa binamu yake Caroline wa Brunswick, maana bila ndoa ya halali Bunge lisingemsaidia tena. Fedha za Bunge ni kodi za watu. Wakati Nash anapamba majoka, Uingereza ilikuwa imetoka katika vita virefu na Napoleon, mkate ulikuwa ghali, na askari walioachishwa kazi walikuwa wakirandaranda barabarani.

George alikuwa mfalme mwaka wa 1820, akafa 1830. Nduguye William akalitumia jumba mpaka 1837, kisha likamjia Malkia Victoria. Yeye hakulipenda. Reli kutoka London ilifika mwaka wa 1841, na watu wa kawaida wakaja kwa wingi. Kila alipotoka kutembea walimzonga kumtazama, na kutoka madirishani bahari yenyewe ilionekana kidogo tu. Akaondoka mwaka wa 1845 asirudi kukaa tena. Vyombo na mapambo vikang'olewa na kupelekwa katika majumba mengine, na serikali ikakusudia kuuza kiwanja, pengine jumba livunjwe. Hapo ndipo wakuu wa mji walipolinunua, mwaka wa 1850, kwa pauni 53,000. Baadhi ya wenyeji walinung'unika kwamba hizo ni fedha za kutupa. Lakini tangu siku hiyo jumba si la mfalme tena. Ni la mji. Tafadhali shikeni mwaka huo, kwani tutauhitaji.

Wageni wa reli ndio waliojenga Brighton wa pili, huu wa ufukoni. Mwaka wa 1872 ilifunguliwa nyumba ya kuonyeshea samaki hai, na bado ipo. Mwaka wa 1883 Magnus Volk alitandika reli ndogo ya umeme kando ya maji. Hiyo ndiyo reli ya umeme ya zamani kuliko zote duniani zinazofanya kazi hadi leo. Gati la matembezi liitwalo Palace Pier lilifunguliwa 1899, nalo limeingia baharini zaidi ya mita 500, limejaa michezo na vyakula. Lile gati la magharibi, lililofunguliwa 1866, lilifungwa 1975, likaporomoka 2002, likaungua 2003. Yamebaki mifupa ya chuma tu, na ndege hukusanyika juu yake jioni. Wengine huona mifupa hiyo ni nzuri kuliko gati zima. Na lile banda la farasi? Limekuwa ukumbi wa muziki, ambamo mwaka wa 1974 kundi la ABBA kutoka Uswidi lilishinda mashindano ya nyimbo ya Ulaya.

Haya, turudi jumbani. Mwaka wa 1914 vita kuu vilianza, na askari wa Bara Hindi waliletwa Ufaransa kupigana upande wa Waingereza. Walifika majira ya baridi yakikaribia, wengi wakiwa na nguo za nchi ya joto. Majeruhi walikuwa wengi, na mwezi wa Desemba 1914 Royal Pavilion ikageuzwa hospitali yao. Pamoja na ule ukumbi uliokuwa banda la farasi, paliwekwa vitanda zaidi ya 700. Katika jiko la mfalme, chini ya minazi ya chuma, pakawa chumba cha kupasulia wagonjwa. Palikuwa na majiko tisa mbalimbali, ili kila dini na kila tabaka lipate chakula kilichopikwa kwa desturi yake, na mabomba ya maji ya Waislamu na ya Wahindu yalitengwa. Masingasinga walipewa hema la ibada bustanini, na Waislamu mahali pa kuswali. Katika muda wa kama mwaka mmoja walitibiwa hapo watu zaidi ya 2,300. Haki tuiseme: utunzaji ulikuwa mwema.

Lakini palikuwa na sababu nyingine pia. Habari zilienezwa kwamba Mfalme George wa Tano ameacha jumba lake mwenyewe kwa ajili ya askari wake. Picha za majeruhi chini ya taa za vioo zilipelekwa Bara Hindi, na kijitabu kikapigwa chapa kwa Kiingereza, Kiurdu na Kipunjabi. Sasa rudini katika ule mwaka niliowaambia mshike. Mfalme hakuwa na jumba la kuacha pale. Wenyeji walikuwa wamelinunua miaka 64 kabla. Tena askari hawakuruhusiwa kutoka na kutembea mjini wapendavyo. Katika hospitali nyingine ya Wahindi, palepale Brighton, paliwekwa walinzi na seng'enge. Barua zao zilifunguliwa na wakaguzi wa serikali, na sehemu zilizotafsiriwa zimehifadhiwa London mpaka sasa.

Mmoja wa majeruhi alikuwa Mir Dast, aliyevuta gesi ya sumu karibu na Ypres mwezi wa Aprili 1915 akiwaokoa wenzake. Mwezi wa Agosti Mfalme alikuja bustanini akamvika nishani ya Victoria Cross, iliyo kubwa kuliko zote. Katika barua ya siku zile imesimuliwa kwamba Mir Dast alimwomba Mfalme jambo moja: askari aliyejeruhiwa akapona asirudishwe tena vitani. Alisimama mbele ya mfalme, nishani kifuani, akaomba kwa ajili ya wengine. Mimi naona hilo lilitaka moyo kama ule wa Ypres.

Waislamu waliofariki walizikwa Woking, karibu na msikiti wa Shah Jahan. Wahindu na Masingasinga 53 walipelekwa juu ya vilima nyuma ya mji, wakachomwa kwa taratibu za dini zao. Mwaka wa 1921 mahali hapo ilizinduliwa kuba ndogo ya marumaru nyeupe juu ya nguzo nane, iitwayo Chattri. Gari halifiki, yakupasa utembee kwa miguu kati ya malisho ya kondoo. Kila mwaka mwezi wa Juni watu hukusanyika huko kuwakumbuka. Majina yao 53 yalichongwa karibu na hapo mwaka wa 2010, yaani miaka 95 baada ya wengi wao kufa.

Ndugu msomaji, huenda ukasema hayo ni mambo ya mbali. Siyo mbali sana. Mapema Novemba 1914, majuma machache tu kabla vitanda havijatandikwa Brighton, askari wengine wa Bara Hindi walishushwa Tanga wakashindwa na jeshi la Wajerumani, na wengi walifia huko. Baadaye mamia ya maelfu ya watu wetu walichukuliwa kuwa wapagazi wa vita hivyo. Jina la Kariakoo limetokana na kikosi chao. Mwaka wa 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, waliokufa katika vita vile hawakuandikwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri.

Kwa hiyo ukijaliwa kufika Brighton, kaone taa ya joka, panda reli ya Volk, kula samaki gatini. Siku ya pili vaa viatu vya kutembea upande mpaka Chattri, usome majina yale polepole.

Nanyi mlioko katika vikundi vya kusikiliza, kazi ya juma hili ni hii. Chagueni jengo moja la zamani katika mji wenu: boma, jumba, stesheni au hospitali. Waulizeni wazee nani aliliagiza, nani alilijenga kwa mikono yake, gharama zilitoka wapi, na leo ni mali ya nani. Andikeni majina yote mtakayopata, hata ya waashi na wapagazi, mje nayo katika mkutano wenu ujao.