Uvimbe Uliodhaniwa Mimba

Kabla ya kupatikana kwa vipimo vya picha, daktari aliyeletewa mwanamke mwenye maumivu chini ya kitovu na tumbo linalozidi kukua alitegemea zaidi mikono yake kuamua kama huyo ni mjamzito au ana uvimbe wa ovari, yaani kifuko chenye majimaji au ute kinachoota kwenye kiungo kinachotoa mayai ya uzazi. Desemba 1809, katika jimbo la Kentucky nchini Marekani, madaktari wawili walimwita mwenzao Ephraim McDowell aje kumzalisha Jane Todd Crawford, ambaye kwa miezi kadhaa alijidhania mjamzito na sasa alishikwa na maumivu yaliyofanana na uchungu wa uzazi. McDowell alipompima kupitia ukeni aliona mfuko wa uzazi hauna kitu, akamweleza waziwazi kwamba kumpasua tumbo na kuutoa uvimbe ni jaribio la hatari, na kwamba angelifanya iwapo mgonjwa angeweza kufika kwake Danville.

Crawford alisafiri maili zipatazo 60 juu ya farasi, uvimbe ukiegemea pembe ya tandiko hata misuli ya tumbo ikavilia damu. Nusukaputi ilikuwa bado haijajulikana, kwani dawa ya usingizi ya etha ilionyeshwa hadharani mjini Boston mwaka 1846. Alipasuliwa akiwa macho, kwa muda wa dakika 25 hivi, ukatolewa ute wa ratili 15 na gamba la kifuko lenye uzito wa ratili 7 na nusu. Siku ya tano daktari alimkuta akitandika kitanda chake, naye aliishi zaidi ya miaka 30 baada ya hapo. Masimulizi ya kishujaa huishia hapa, ilhali taarifa ya McDowell ya mwaka 1817 inamtaja pia mwanamke mweusi, mtumwa, aliyepasuliwa baada ya bwana wake kusihi sana.

Usalama wa kisu ulipoongezeka, ulizaa pupa. Kuanzia mwaka 1872 daktari Robert Battey wa Georgia alitoa ovari zisizo na uvimbe wowote kwa sababu ya maumivu ya hedhi au kifafa, na wengi wakamwiga, wakiwakomesha hedhi wanawake vijana ambao chanzo cha maumivu yao hakikujulikana kabla ya upasuaji wala baada yake.

Njia ya kuona bila kupasua ilitoka kiwandani. Mwaka 1955 Ian Donald, profesa wa ukunga mjini Glasgow, alipakia vivimbe vilivyokwisha kutolewa kwa wagonjwa kwenye buti za magari, akavipeleka kwenye kiwanda huko Renfrew kuvijaribu kwa mashine iliyotumia mwangwi wa sauti kutafuta nyufa katika vyuma. Makala aliyoitoa na wenzake mwaka 1958 inaeleza habari za mwanamke aliyedhaniwa kuwa na saratani ya tumbo isiyotibika, ambaye mwangwi ulionyesha kuwa ana uvimbe mkubwa wa ovari, ukatolewa akapona. Na katika makala hiyohiyo zimo picha za watoto wakiwa tumboni mwa mama zao.