Mdororo Mkuu wa Marekani (1929–1940): maisha ndani ya nyumba

Mdororo Mkuu ni jina la miaka kama kumi ambayo uchumi wa Marekani ulianguka na kukawia kuinuka. Vitabu vingi huanza habari hiyo mwezi wa Oktoba 1929, wakati bei za hisa zilipoporomoka katika soko la New York. Lakini Wamarekani wengi hawakuwa na hisa hata moja. Wao waliijua shida siku baba aliporudi nyumbani saa nne asubuhi akisema kiwanda kimefungwa. Sisi tunataka kueleza habari za nyumba hizo.

Kufikia mwaka 1933, mfanyakazi mmoja kati ya wanne hakuwa na kazi, yaani watu kama milioni 13. Waliobaki kazini walipunguziwa mshahara, na wengi waliitwa siku mbili au tatu tu kwa juma. Nchi haikuwa na bima ya taifa kwa waliopoteza kazi, wala pensheni ya taifa kwa wazee. Aliyekuwa na akiba alitegemea akiba, na akiba ilikuwa benki. Basi, benki haziweki pesa zote za watu sandukuni. Sehemu kubwa wamekwisha kuikopesha. Watu walipoogopa na kuja wote kwa siku moja kudai zao, benki ilifunga mlango, na aliyefika mwisho alirudi mikono mitupu. Kati ya 1930 na 1933 benki kama 9,000 zilianguka hivyo. Mwezi wa Machi 1933 rais mpya, Franklin Roosevelt, alifunga benki zote za nchi kwa siku kadhaa ili zikaguliwe, na mwaka huohuo ikatoka sheria ya kulinda akiba za wateja wadogo.

Mzigo wa kila siku uliwaangukia akina mama. Walinunua mkate wa jana kwa sababu ni wa bei ndogo, walilima mboga nyuma ya nyumba na kuzihifadhi katika chupa kwa ajili ya majira ya baridi, walikaribisha wapangaji katika chumba cha watoto, walifua nguo za wengine. Magunia ya unga na ya chakula cha kuku yalikuwa ya pamba; wakayakata na kushona magauni ya wasichana na nguo za ndani. Wenye viwanda walipoona hivyo walianza kuchapa maua na rangi juu ya magunia, maana mama alichagua unga kwa kutazama kitambaa. Kiatu kilichotoboka kiliwekwa kipande cha katoni ndani. Jamaa mbili au tatu zilikaa katika nyumba moja. Vijana waliahirisha ndoa, na watoto waliozaliwa walipungua. Hata talaka zilipungua, lakini tusifurahi upesi: talaka ilihitaji pesa, na wanaume wengine waliondoka tu bila kuaga.

Hata hivyo watu hawakuacha kucheka. Redio iliuzwa kwa malipo ya polepole, na jamaa nyingi zilikubali kukosa vitu vingine kuliko kuipoteza. Majumba ya sinema yalitoa sahani moja bure kwa kila mama aliyekuja usiku fulani wa juma. Aliyekwenda mara nyingi alikusanya vyombo vya meza nzima.

Jambo gumu zaidi, tukisoma habari za wakati ule, lilikuwa aibu. Wamarekani walikuwa wamefundishwa kwamba anayefanya kazi kwa bidii hawezi kukosa. Kwa hiyo mwanamume aliyefukuzwa pamoja na wenzake elfu alijiuliza yeye peke yake amekosea wapi. Wengine walivaa vizuri kila asubuhi, wakatoka kana kwamba wanakwenda kazini, wakakaa katika bustani za mji mpaka jioni. Mwishoni mwa 1930 maelfu ya watu walisimama katika njia za New York wakiuza matofaa, senti tano kwa moja. Kati yao walikuwamo waliokuwa jana na ofisi zao. Kuomba msaada wa serikali ya mji kulikuwa na uchungu wake. Mkaguzi aliingia nyumbani, akafungua kabati, akauliza kwa nini bado mna gari. Katika baadhi ya majimbo, sheria za zamani zilimnyima haki ya kupiga kura mtu aliyelishwa kwa pesa za umma. Watoto na akina mama walimwandikia mke wa rais, Eleanor Roosevelt, wakiomba koti, viatu au mkopo mdogo, na wengi walisihi majina yao yasitajwe.

Makanisa yalifanya mengi. Kule Harlem, Kanisa la Abyssinian Baptist, chini ya mchungaji Adam Clayton Powell mzee, lilifungua jiko la kuwalisha wenye njaa. Upande wa Wakatoliki, Dorothy Day na wenzake walianza mwaka 1933 gazeti la senti moja, kisha nyumba za kuwapokea wasio na mahali. Lakini sadaka zilishuka kwa sababu watoaji wenyewe walifukuzwa kazi. Wachungaji wa mashambani walilipwa kwa kuku na viazi, na fedha za misheni zilipunguzwa, hata zile zilizotumwa Kongo. Rais Herbert Hoover alitumaini kwamba wafadhili na miji wangeitunza nchi. Sisi ni watu wa kanisa na twalisema bila kuficha: sadaka haikutosha, wala haikuweza kutosha. Kikapu kinachojazwa na majirani hakiwezi kulisha robo ya taifa wakati majirani nao wana njaa. Waliokosa nyumba walijenga vibanda vya mabati na mbao za masanduku pembeni mwa miji, na kwa hasira wakaviita kwa jina la rais: Hooverville.

Mashambani kulikuwa na mateso ya namna nyingine. Bei ya mahindi ilishuka hata wakulima wengine wa Iowa waliyachoma katika majiko yao, maana yalikuwa rahisi kuliko makaa ya mawe. Wakati huohuo watu wa mjini walipanga foleni ya supu. Mkulima aliyeshindwa kulipa mkopo aliuziwa mali yake kwa mnada. Hapo majirani walibuni dawa: walikuja wengi, wakasimama karibu-karibu, mmoja akatoa senti chache kwa ng'ombe, na hakuna aliyethubutu kupandisha bei. Jioni walimrudishia mwenyewe ng'ombe wake.

Kisha ukaja ukame katika Kansas, Oklahoma, Texas na jirani zake. Udongo uliolimwa kupita kiasi uliinuliwa na upepo. Tarehe 14 Aprili 1935 wingu la vumbi liligeuza mchana kuwa usiku. Wengi walipakia godoro juu ya gari kuukuu na kuelekea California kutafuta kazi ya kuvuna. Picha inayojulikana kuliko zote za wakati huo ilipigwa huko, Nipomo, mwezi wa Machi 1936, na Dorothea Lange: mama mwenye watoto waliojificha mabegani mwake, katika kambi ya wavunaji ambapo njegere zilikuwa zimeharibiwa na baridi. Mama huyo ni Florence Owens Thompson. Dunia ilimtazama miaka zaidi ya arobaini bila kulijua jina lake.

Si wote walioumia sawasawa. Weusi waliajiriwa mwisho na kufukuzwa kwanza. Watu wa asili ya Mexico walisukumwa kuvuka mpaka kwa mamia ya maelfu, na wengi wao walikuwa wamezaliwa Marekani. Walimu wanawake katika sehemu nyingi walifukuzwa wakiolewa, eti waachie wanaume nafasi.

Serikali ya Roosevelt ilileta kazi za umma. Tangu 1933 vijana walipelekwa kambini kupanda miti kwa dola 30 kwa mwezi, na 25 kati ya hizo zilitumwa moja kwa moja kwa wazazi. Mwaka 1935 ilitoka sheria ya pensheni na bima ya kazi, lakini iliwaacha nje vibarua wa mashamba na watumishi wa nyumbani, kazi ambazo Weusi wengi walizifanya.

Shida ile ilifika hata kwetu. Bei ya shaba ilipoanguka, Union Minière iliwarudisha vijijini maelfu ya wafanyakazi wa Katanga. Marekani yenyewe haikupata kazi za kutosha mpaka vita vilipokuja na viwanda vikaanza kutengeneza ndege na mizinga usiku na mchana. Hapo shaba ya Katanga ikatakiwa tena.