Mwaka wa Majina

Ninayo stempu moja ya Zanzibar, ya zile zilizotolewa mwaka 1961. Ina sura ya Sayyid Abdulla bin Khalifa, na juu ya sura hiyo pamegongwa muhuri wa mkono, wino mweusi, umekaa upande kama uliogongwa na mtu mwenye haraka: JAMHURI 1964. Aghalabu wanaoitazama kwa mara ya kwanza hudhani kuwa huyo ndiye Sultani aliyepinduliwa. Siye. Sayyid Abdulla alikwisha fariki tangu Julai 1963, na aliyekuwa kitini usiku wa Mapinduzi ni mwanawe, Sayyid Jamshid. Posta, kwa hivyo, ilimpindua marehemu.

Nimeiweka stempu hiyo miaka mingi, na kila nikiitazama narudi kwenye swali lile lile: ni wakati gani jina hubadilika? Ni pale linapotangazwa, au pale wino unapokauka, au pale ulimi unapolizoea? Mwaka 1964 unafaa kuulizwa swali hili kuliko mwaka wowote ninaoujua.

Tuanze na visiwa vyenyewe. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Disemba 1963, na siku sita baadaye ikapewa kiti Umoja wa Mataifa. Tarehe 12 Januari 1964, siku 33 baada ya uhuru huo, serikali ikaanguka. Palitangazwa Jamhuri ya Watu wa Zanzibar, ambayo hapa na pale iliandikwa "Zanzibar na Pemba". Tarehe 22 Aprili Mzee Karume na Mwalimu Nyerere walitia saini Hati za Muungano hapa Unguja, na tarehe 26 udongo wa pande mbili ukachanganywa Dar es Salaam. Jina likawa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Tarehe 29 Oktoba likaja jipya: Tanzania. Mtoto aliyezaliwa Unguja siku ya mwaka mpya alikuwa amekwisha kaa katika dola nne kabla ya kuota meno yote, na hakuhama nyumba.

Wenzangu wa ushairi wataniruhusu nipimie kwa kipimo chetu. Jina lile refu la Aprili, ukilihesabu kwa mizani na ukiongeza irabu mwishoni mwa "Zanzibar" kama tufanyavyo, linafika mizani 19. Haliingii katika mshororo wa 16, sembuse katika utenzi. Hakuna mshairi ambaye angeweza kuisifu nchi ile kwa jina lake kamili bila ya kuvunja bahari. Tanzania ina mizani minne: nusu ya kipande, inakaa popote. Na kina chake! Nia, dunia, kutumainia, kupania, kuwania. Tanganyika haikuwa na jamaa wengi wa kina isipokuwa nyika yenyewe. Na Zanzibar, mpaka uipe hiyo irabu ndipo ipate habari, bahari na fahari. Sisemi kuwa waliolichagua jina walipima vina. Nasema kuwa jina lilipokelewa upesi na watunzi kwa sababu lilikuwa jepesi mdomoni, na wepesi huo ulifanya kazi ambayo sheria peke yake isingeifanya.

Lakini wepesi una gharama yake. Tanganyika lilikuwa jina changa: Waingereza walilitoa mwaka 1920 kwa koloni walilolichukua kutoka kwa Wajerumani, wakalikopa kutoka ziwa lililo mpakani. Lilidumu miaka 44 tu. Zanzibar ni la kale, linabeba ndani yake lile neno Zanj ambalo wasafiri wa Kiarabu na Kiajemi waliwaita watu wa pwani hii kwa zaidi ya miaka 1,000. Ajabu ni kwamba lile changa ndilo lililozikwa kabisa, na kwa sababu hiyo ndilo linaloliliwa. Mwaka 1993 wabunge 55 walisimama kudai serikali ya Tanganyika. Huku kwetu jina halikuzikwa, lakini maana yake imebishaniwa tangu siku ile, hata mwaka 2010 Katiba ya Zanzibar ikarekebishwa kutamka wazi kuwa Zanzibar ni nchi.

Hatukuwa peke yetu mwaka ule. Nyasaland ikawa Malawi tarehe 6 Julai. Rhodesia ya Kaskazini ikawa Zambia tarehe 24 Oktoba, na hapo pana kisa ninachokipenda: wanamichezo wake walikuwa Tokyo kwenye Olimpiki. Waliingia uwanjani tarehe 10 Oktoba wakiwa watu wa Rhodesia ya Kaskazini. Siku ya kufunga michezo ikaangukia siku ya uhuru, wakatoka wakiwa Wazambia, na bendera nyingine. Katika uwanja ule ule walikuwapo wanariadha wetu, wameandikwa kwa jina la Tanganyika peke yake, ingawa Muungano ulikwisha karibia kutimiza miezi sita. Siku tano baada ya michezo kwisha, jina waliloandikiwa likawa halipo tena. Rhodesia ya Kusini nayo, ilipoona mwenzake wa kaskazini ameliacha, ikajitwalia "Rhodesia" tupu. Lakini hiyo ni habari ya wachache waliojipa jina, na siwaingizi katika makala haya zaidi ya hapo.

Wako pia watu. Tarehe 25 Februari, Miami Beach, kijana wa miaka 22 aitwaye Cassius Clay alimshinda Sonny Liston akawa bingwa wa dunia wa ndondi za uzito wa juu. Tarehe 6 Machi Elijah Muhammad alitangaza kuwa kijana huyo sasa ni Muhammad Ali. Kwetu sisi wa pwani jina hilo si geni. Katika mtaa wowote wa Mji Mkongwe ungempata Muhammad bin Ali kabla hujamaliza kikombe cha kahawa. Kwao lilikuwa kama uasi. Magazeti mengi ya Marekani yaliendelea kumwandika Clay kwa miaka kadhaa, na Februari 1967 alipopigana na Ernie Terrell, ambaye alikataa kumwita kwa jina alilolichagua, Ali alikuwa akimpiga huku akimuuliza: jina langu nani? Ngumi zile sizisifu, zilikuwa za kumtesa mtu. Swali ndilo ninalolielewa.

Aliyekuwa karibu na Ali mwanzoni mwa mwaka ule, Malcolm X, alikwenda kuhiji mwezi ule ule wa Aprili tulipoungana, akarudi akiwa Al-Hajj Malik Al-Shabazz. Yeye alikuwa amelikata jina la ukoo wake zamani akaweka X, alama ya kisichojulikana, kwa kuwa jina la mababu zake lilipotea katika utumwa. Oktoba alifika Dar es Salaam, akaonana na Nyerere na Abdulrahman Babu. Alikuja katika Muungano usio na jina fupi bado, akaondoka siku chache kabla halijatangazwa. Mwezi wa Disemba Babu alikwenda New York, na Malik akamkaribisha kuzungumza katika ukumbi wa Audubon. Katika ukumbi huo huo Malik aliuawa tarehe 21 Februari 1965. Jina lake jipya alikaa nalo chini ya mwaka mmoja, na wengi hata leo hawamwiti kwalo.

Hatima za waliopandishwa na mwaka 1964 hazifanani. John Okello, mzaliwa wa Uganda aliyekuwa fundi na kibarua Pemba, alijipa cheo cha Field Marshal na sauti yake ikawatisha watu redioni. Haukupita mwezi Machi akawa amekatazwa kurudi visiwani. Karume alikuwa Rais wa Zanzibar na Makamu wa Kwanza wa Rais wa Muungano hadi alipouawa tarehe 7 Aprili 1972. Babu aliwekwa kizuizini baada ya tukio hilo, akatoka 1978, akafia London 1996. Jamshid aliondoka kwa jahazi la kifalme mpaka Dar es Salaam, kisha Uingereza, akakaa Portsmouth zaidi ya miaka 50 bila ya cheo wala dola. Mwaka 2020 aliruhusiwa kurudi Oman, na huko Maskati akafariki tarehe 30 Disemba 2024. Kasri yake ya Forodhani ilikwisha itwa Kasri ya Watu, na baadaye makumbusho.

Badiliko moja la mwaka ule lilipita kimya, na sisi wa kalamu ndio tulionufaika nalo. Kamati ya Lugha, iliyoundwa 1930 kusanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja, ilitiwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikawa chuo cha uchunguzi wa Kiswahili, ile tuliyoizoea kwa jina la TUKI hadi 2009 ilipogeuzwa TATAKI. Mimi sikupita darasa la chuo chochote. Kamusi zao ndizo zilizonisomesha. Na ni katika kamusi ndiko nilikotambua kuwa maneno makubwa ya 1964 yalikuwa ya jikoni na baharini kabla ya kuwa ya Ikulu. Kupindua ni kwa ngalawa. Kuunga ni kwa mchuzi, na kwa mfupa uliovunjika.

Lakini majina niliyotaka kuyasema hasa hayamo katika kamusi wala kwenye stempu. Wengi waliouawa Januari ile majina yao hayakuandikwa popote, wamebaki kutajwa katika hitima za nyumbani, tena kwa sauti ya chini. Na wako waliobaki hai wakaacha nisba zao, jina la mwisho linalomtaja mtu kwa kabila au asili yake, kwa sababu lilikwisha kuwa hatari kulitamka mlangoni. Hakuna amri niliyoiona. Watu waliliacha tu, kama mtu aachavyo viatu vyenye kelele.

Miaka michache nyuma mzee mmoja aliniletea karatasi mbili nimfasirie. Ya kwanza, cheti cha skuli cha kabla ya 1964, ilikuwa na jina lake, la babake, la babu yake na nisba. Ya pili, ya baadaye, iliishia kwa babu. Ofisi moja, siitaji, ilikuwa imemrudisha mara tatu ikitaka athibitishe kuwa watu wale wawili ni mmoja. Alikwisha kula kiapo mbele ya hakimu, na kiapo hicho ndicho nilichotakiwa kukitia Kiingereza.

Nilipomaliza nilimuuliza niandike jina gani juu. Akafikiri kitambo.

"Yote, mwanangu," akasema. "Mpaka mwisho."

Nikaandika. Akaichukua karatasi, akaisogeza dirishani penye mwanga, akalisoma jina kwa sauti, neno baada ya neno, mpaka akafika kwenye nisba. Hapo aliangalia mlango kwanza, kisha akalitamka.