Mlimbikizo wa Ngazi: Neno Linalokosekana Katika Habari za Zebaki

Zebaki ikiingia mtoni, vyombo vyetu vya habari hutangaza kwamba mto umechafuliwa. Sarufi ya sentensi hiyo haina kasoro, ila inampeleka msomaji mahali pasipo na hatari yenyewe. Uchafu, kwa msemaji wa Kiswahili, huonekana na kunusika: tope, povu, uvundo, taka zinazoelea. Tena una tiba tulizofundishwa tangu utotoni, nazo ni kuchuja kwa kitambaa, kuchemsha, kuyaacha maji yatuame. Zebaki haimo katika kundi hilo. Mto unaweza kung'aa hata ukazihesabu kokoto za chini, na maji yake yakapimwa yakaonekana yanafaa kunywewa, ilhali samaki mkubwa wa mto huohuo hafai kuliwa na mama mjamzito. Kinachotokea kati ya maji yale na samaki yule ni jambo ambalo sayansi imeshalipa jina, na jina hilo bado halijatulia katika lugha yetu. Napendekeza tuliite mlimbikizo wa ngazi.

Neno zebaki lenyewe tulilipata kwa Waarabu zamani, nalo latutosha tunapotaja madini yale meupe yanayotiririka kama maji. Lakini linafunika vitu visivyofanana. Zebaki kimiminika ikimezwa, utumbo huipokea kiasi kidogo mno. Ikichomwa na kuvutwa kama mvuke, mapafu huipokea sehemu yake kubwa. Kuna umbo la tatu, zebaki ya methili, nalo ndilo la mtoni. Bakteria wanaoishi katika matope yasiyo na oksijeni huichukua zebaki ya kawaida na kuigeuza kuwa zebaki ya methili, na hiyo utumbo huifyonza kwa zaidi ya asilimia 90. Haikai kwenye mafuta bali hujishika na protini za nyama, ndiyo maana kumkaanga samaki au kumchemsha hakuiondoi. Mwili wa mtu huhitaji takriban siku 50 kutoa nusu yake. Anayekula samaki mwenye sumu hiyo kila siku, basi, anaingiza kabla hajamaliza kutoa.

Hapo tuna michakato miwili, na ndipo istilahi inapohitajika. Wa kwanza hutokea ndani ya mwili mmoja: kiumbe hupokea haraka, hutoa polepole, akiba ya sumu inaongezeka kadiri anavyoishi. Wa pili huvuka kutoka mwili hadi mwili. Tuseme kila mdudu wa majini amebeba chembe moja ya sumu, na samaki mdogo amekula wadudu mia. Samaki wa kati akila wadogo mia, anarithi hesabu ya wadudu elfu kumi, na mkubwa anayemla yeye anarithi zaidi. Kila mlaji hupoteza kiasi, kwa hiyo hesabu halisi haipandi kwa unadhifu huo, lakini hupanda. Samaki walao samaki wenzao huweza kuwa na zebaki mara milioni moja zaidi ya maji wanamoogelea. Juu yao wapo fisi maji, ndege wala samaki, na binadamu.

Kiingereza kimeunda neno la mchakato huu wa pili kwa kuunganisha uhai na kitendo cha kukuza, kama lenzi inavyokuza herufi. Anayetafsiri kwa haraka ataandika ukuzaji wa kibiolojia. Tafsiri hiyo ni mbovu, na ubovu wake si wa ladha tu. Katika lugha ya serikali ya Tanzania, ukuzaji viumbe maji ni ufugaji wa samaki. Mvuvi atakayesikia kwamba mtoni kwake kuna ukuzaji wa kibiolojia atadhani ameletewa mradi wa vifaranga! Kitenzi kukuza kina baraka ndani yake, kwani tunakuza watoto, vipaji, uchumi. Kulimbika kunafaa zaidi. Mwenye kulimbika maji huweka chombo mahali yanapochuruzika na kungoja, tone baada ya tone, mpaka kijae. Sumu hii nayo huingia hivyo, bila siku moja ambayo mtu angeweza kusema ndiyo aliyolishwa. Mchakato wa mwili mmoja tuuite mlimbikizo wa mwilini, na ule wa kupanda kutoka kwa anayeliwa kwenda kwa mlaji tuuite mlimbikizo wa ngazi. Ngazi inamwonyesha msikilizaji kuna kupanda, na kwamba aliye juu kabisa ndiye anayebeba zaidi.

Thamani ya kuitofautisha michakato hii ilionekana Japani. Katika ghuba ya Minamata, ambako kiwanda cha Chisso kilimwaga majitaka yenye zebaki ya methili, paka waliokula samaki walipepesuka na kufa, na kunguru wakaanguka kutoka angani, kabla ugonjwa wa watu haujatangazwa rasmi mwaka 1956. Wanyama walikuwa wametangulia kwenye ngazi. Mwaka 1965 ugonjwa uleule ukazuka Niigata, karibu na mdomo wa mto Agano. Kiwanda kilichoshukiwa, cha Showa Denko, kilikuwa Kanose, kama kilomita 60 juu ya mto, na wenye kiwanda walidai kwamba chanzo ni dawa za kilimo zilizosambaa baada ya tetemeko la ardhi la 1964. Kwa mwenye kufikiria uchafuzi peke yake, umbali ule ulikuwa utetezi, maana katika kilomita 60 taka huzimuliwa na maji. Kwa mwenye kufikiria ngazi, umbali hauondoi shaka, kwa kuwa samaki hukusanya upya kile ambacho maji yamekitawanya. Mwaka 1971 mahakama iliwapa wagonjwa haki.

Na ngazi haikomi kwa mlaji. Madaktari waliamini kwamba kondo la nyuma humkinga mtoto. Minamata, akina mama wenye dalili hafifu, au wasio nazo kabisa, walizaa watoto walioharibika vibaya ubongo. Desturi ya Wajapani ya kuhifadhi vitovu vilivyokauka iliwawezesha watafiti kuipima zebaki iliyompitia mtoto tumboni miaka mingi nyuma. Mtoto alikuwa daraja moja juu ya mama yake.

Watakuwapo watakaosema mto hujisafisha. Kanada inawajibu. Kati ya 1962 na 1970 kiwanda cha karatasi cha Dryden kilimwaga takriban tani 10 za zebaki katika mto Wabigoon, na zaidi ya nusu karne baadaye wenyeji wa Grassy Narrows, chini ya mkondo, bado wanaonywa kuhusu samaki wao. Pingamizi zito zaidi linatoka kwetu. Justinian Ikingura na Hirokatsu Akagi, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1996, walikuta zebaki kidogo katika samaki wa eneo la dhahabu la Ziwa Victoria, na waliokuwa hatarini zaidi walikuwa wachimbaji wenyewe, wanaouvuta mvuke. Matokeo hayo nayakubali. Lakini yalijulikana kwa sababu samaki na nywele za watu vilipimwa. Chupa ya maji isingeyaonyesha. Marudio, yaani mabaki ya mchanga uliokwisha kuchenjuliwa, yaliyorundikwa kandokando ya mialo ya kuchenjulia dhahabu bado yana zebaki, mvua huyabeba hadi kwenye matope, na bakteria hawana haraka.

Pia itasemwa kwamba neno jipya litawatisha watu waache samaki, nao ndio kitoweo cha maskini. Naona kinyume chake. Onyo la kwamba ziwa limechafuliwa humfukuza mlaji mbali na samaki wote kwa pamoja, dagaa na sangara. Mlimbikizo wa ngazi unamwambia kwamba dagaa yuko chini ya ngazi na kwa kawaida ana zebaki kidogo, na kwamba anayehitaji tahadhari ni sangara mkubwa, mla samaki, mwenye miaka mingi majini. Maarifa hayo yanamfaa muuza samaki kuliko yanavyomfaa profesa.

Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013, na katika sera zake wachimbaji wadogo wanaambiwa wapunguze zebaki kwenye uchenjuaji. Nawaomba BAKITA na waandishi wa vitabu vya sayansi waipokee istilahi hii au watoe iliyo bora. Na ofisa atakayetumwa kuupima mto wenye mialo asirudi na chupa za maji peke yake. Alete samaki mkubwa kuliko wote waliovuliwa wiki hiyo, pamoja na nywele za wanawake wanaomla.