Mvumo wa Mpakani: Historia Iliyolala Mezani pa Fundi Redio

Amplifaya ndogo ya mezani, ile ya kuchomekea hedifoni, haifi ghafla. Huanza na vijidalili. Volumu inakwaruza inapozungushwa. Sikio la kushoto linanyamaza mpaka waya ushikwe kwa upande. Chini ya wimbo kuna mvumo mzito usiokoma, na ganda la chuma likiguswa kwa mkono wenye jasho linatekenya. Mwenye kifaa hicho akiwa Brussels atakirudisha dukani au atanunua kingine. Akiwa Gitega au Muyinga, nchini Burundi, atakipeleka kwa fundi redio, na fundi anayeijua kazi yake hatakimbilia bisibisi. Atauliza kwanza kilinunuliwa upande gani, plagi yake ikoje, kinatumia umeme wa wapi. Ni maswali ya ufundi, lakini pia ni maswali ya historia, na hoja yangu ni kwamba hayatenganishiki. Kasoro ndogo za kifaa cha sauti katika miji hii miwili zimebeba kumbukumbu ya mipaka, vita na njia za biashara, na fundi aliyejifunza kuzisoma amehifadhi sehemu ya historia ya Burundi ambayo haionekani kwa urahisi kwenye makabrasha.

Neno fundi lenyewe lilitangulia redio. Wajerumani walipoweka makao yao Gitega mwaka 1912, wakiandika Kitega, Kiswahili kilikuwa tayari kimepanda milima pamoja na wafanyabiashara, wapagazi na askari waliotoka mashariki na kando ya Ziwa Tanganyika. Kirundi kilipokea maneno ya mambo mapya kutoka kwao: duka likawa iduka, saa ikawa isaha, fundi akawa umufundi. Muyinga, iliyo karibu na mpaka wa Tanzania, hadi leo ina jamii kubwa ya Waislamu wanaosema Kiswahili, na biashara yake imezoea kuangalia mashariki. Kwa hiyo vifaa vya umeme vilipofika vilikuta jina la mtu wa kuvitengeneza likiwa tayari, na vilikuta barabara ambayo tangu zamani ilipitisha bidhaa pamoja na maarifa ya kuzitunza.

Redio za kwanza zilikuwa za valvu, nzito na zenye njaa ya umeme. Nchi nyingine za Afrika zilijaribu kulitatua tatizo hilo mapema. Huko Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, mwaka 1949 iliuzwa redio ya betri iliyoitwa Saucepan Special, jina lililotokana na ganda lake lililofanana na sufuria. Mageuzi makubwa yalikuja na transista: ilivumbuliwa mwaka 1947 katika maabara za Bell nchini Marekani, na redio ya kwanza ya transista iliyouzwa kwa umma ilitoka mwaka 1954. Sasa redio iliweza kukaa mfukoni na kuishi kwa betri ndogo, au mawe, kama wengi wa nchi za Maziwa Makuu wanavyoziita. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza mwaka 1957, ya Sauti ya Amerika mwaka 1962, ya Ujerumani mwaka 1963, na katikati ya hayo, tarehe 1 Julai 1962, Burundi ikapata uhuru. Mawe hayo yalikuwa shule ya kwanza ya fundi. Kopo la betri ya zinki ndilo linalolika betri inapofanya kazi, kwa hiyo betri iliyochoka huvuja, na maji yake hula springi na vibati vya kugusanisha. Redio inaonekana imekufa, kumbe kinachohitajika ni kukwangua kutu. Hapo ndipo ilipozaliwa kanuni ambayo kila fundi mzuri anaifuata hata leo mbele ya amplifaya ya kisasa: kabla ya kuishutumu saketi, kagua mahali ambapo chuma kinagusana na chuma.

Volumu inayokwaruza ni tawi la kanuni hiyohiyo. Ndani yake kuna ukanda wa kaboni na ulimi mwembamba wa chuma unaoteleza juu yake. Vumbi likiingia kati yao, ulimi hurukaruka badala ya kuteleza, na kila mruko husikika kama mkwaruzo. Vumbi jekundu la kiangazi cha Burundi, kati ya Juni na Septemba, halikuwa mawazoni mwa waliochora vifaa hivi kwa ajili ya sebule za Ulaya na Japani. Dawa ni kuizungusha volumu mara nyingi kutoka mwisho hadi mwisho umeme ukiwa umezimwa, na ikibidi kuisafisha kwa spiriti. Mkwaruzo ukirudi baada ya siku mbili, basi kuna kapasita inayovujisha umeme wa moja kwa moja kwenye ukanda, na vumbi limesingiziwa. Ipo pia kasoro ambayo si ugonjwa: volumu ikiwa chini kabisa, sikio moja husikia zaidi ya jingine, kwa sababu kanda mbili za volumu moja hazilingani kikamilifu mwanzoni mwa safari yake. Hilo halitengenezwi kwa lehemu. Mtu anapunguza sauti kwenye chanzo na kuipandisha kwenye amplifaya.

Mvumo ndio wenye historia nzito kuliko zote. Tarehe 30 Mei 1919, Pierre Orts wa Ubelgiji na Alfred Milner wa Uingereza walikubaliana jinsi ya kugawana Afrika Mashariki ya Kijerumani. Ruanda-Urundi ilikwenda kwa Wabelgiji, Tanganyika kwa Waingereza, na mstari uliopita mashariki ya Muyinga ukaiacha Bugufi, iliyokuwa ya ufalme wa Burundi, upande wa Waingereza, katika wilaya ya Ngara ya leo. Tunaposimulia mgawanyo huo tunataja machifu, kodi na lugha za shule. Soketi ya ukutani haitajwi, ingawa nayo ni mtoto wa mstari huohuo. Waingereza waliweka mwaka 1947 kanuni ya plagi yenye pini tatu bapa, na Tanzania inaitumia hadi sasa. Burundi ilifuata njia ya Ubelgiji: matundu mawili ya mviringo, na pini ya ethi, yaani ya kufungia kifaa ardhini, inayochomoza kutoka kwenye soketi yenyewe. Amplifaya iliyonunuliwa Dar es Salaam na kupitia mpaka wa Kobero hufika Muyinga ikiwa na pini tatu bapa mbele ya ukuta wenye matundu mawili. Katikati inawekwa adapta, na adapta nyingi za bei nafuu zina pini mbili tu. Ethi inaachwa njiani. Ganda la chuma linabaki likining'inia bila kufungwa ardhini, umeme mdogo unaovuja kutoka kwenye sehemu ya kupokea umeme hauna pa kwenda, na matokeo yake ni ule mtekenyo wa vidoleni na mvumo ndani ya hedifoni. Makubaliano ya watu wawili mwaka 1919 yanasikika sikioni miaka mia moja na zaidi baadaye.

Fundi hahitaji kujua jina la Orts wala Milner ili kulitambua jambo hili. Anahitaji sikio. Umeme wa Burundi hupiga mara 50 kwa sekunde, na mvumo unaotoka nje, kwenye ethi iliyokosekana au waya usiokingwa, huwa na uzito huo wa chini. Ukitoka ndani, kwenye kapasita ya kuchujia iliyokauka, hupiga mara 100 na unakereketa zaidi. Kisha anachomoa waya wa kuingizia sauti: mvumo ukitoweka, kosa liko kwenye chanzo au kwenye waya, ukibaki, liko ndani. Anageuza volumu: mvumo ukipanda na kushuka nayo, kosa liko kabla ya volumu, usipobadilika, liko baada yake. Kwa hatua tatu bila kufungua skrubu hata moja, kifaa kizima kimegawanywa vipande. Hiyo ni hoja iliyopangwa, yenye ushahidi na hitimisho, na naamini inastahili heshima ileile tunayompa daktari anayempima mgonjwa kwa kumsikiliza kifua.

Kapasita zina historia yao ya peke yake. Kapasita ya elektroliti ina majimaji ndani, na joto na miaka huyakausha. Umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo, zile dhaifu hufura au kupasuka. Dawa ni kuweka nyingine, lakini swali la Burundi limekuwa: nyingine itoke wapi? Tarehe 25 Julai 1996 Pierre Buyoya alitwaa madaraka kwa mapinduzi ya kijeshi, na siku sita baadaye viongozi wa nchi jirani waliokutana Arusha waliiwekea Burundi vikwazo vya kiuchumi. Vilisimamishwa Januari 1999. Katika miaka hiyo miwili na nusu kila kilichovuka mpaka kilipanda bei, na kipuri cha redio si dawa wala mafuta, hakina mtu wa kukiombea ruhusa. Mazingira hayo humfundisha fundi kutotupa kitu. Redio iliyokufa inakuwa ghala la redio zilizo hai, na kunyofoa kapasita nzima kutoka kwenye saketi moja kwenda nyingine kunamtaka ajue ipi inaweza kukaa mahali pa ipi: voltiji kubwa yaweza kuchukua nafasi ya ndogo, ndogo haichukui ya kubwa. Hata vikwazo vilipoondoka njia ilibaki nyembamba. Soko kuu la Bujumbura, lililolisha maduka ya nchi nzima, liliteketea tarehe 27 Januari 2013.

Ipo pingamizi ya haki kwamba ninaipa miji hii sifa isiyo yake. Volumu hukwaruza hata Chicago, na kapasita hukauka hata Tokyo. Kweli kabisa, na ushahidi mzuri ni tundu la hedifoni lenyewe. Plagi kubwa ya hedifoni ilianzia kwenye mitambo ya kuunganishia simu ya mwaka 1878, na tangu hapo popote duniani ina udhaifu uleule: kila inapochomekwa hulisukuma tundu, na tundu huzivuta lehemu zilizolishika kwenye bodi, hadi moja inapata ufa na sikio moja linakufa. Lakini hata kasoro hii ya dunia nzima ina tarehe. Kuanzia tarehe 1 Julai 2006 Umoja wa Ulaya ulizuia risasi katika lehemu za vifaa vingi vya umeme, kwa sababu nzuri ya afya, na viwanda vya Asia vikafuata. Lehemu isiyo na risasi ni ngumu na huvumilia misukosuko kwa namna tofauti, na viwanda vilipokuwa bado vinajifunza kuitumia, viungio vyenye ufa vilikuwa jambo la kawaida. Kasoro ni ya dunia. Kinachofuata baada ya kasoro ndicho cha mahali. Kwingine ufa huo ni mwisho wa kifaa. Gitega ni kazi ya dakika chache kwa aliyezoea kugonga bodi taratibu kwa mpini wa bisibisi na kusikiliza sauti inakatika wapi.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi: hayo yote ni umaskini tu, na kuuita maarifa ni kuupamba. Siwezi kukubali kuupamba. Burundi ni miongoni mwa nchi maskini kuliko zote duniani, na ni watu wachache, takriban mmoja kati ya kumi, waliofikiwa na umeme. Lakini umaskini unaeleza kwa nini kifaa hakitupwi. Hauelezi kwa nini mtu atoe fedha yake chache kukifufua. Kwa hilo lazima awe anataka kusikia. Na kusikia kulikuwa na uzito mkubwa hapa. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye Oktoba 1993, vita viliifanya habari iwe jambo la uhai. Mwaka 1995 ilianza Studio Ijambo mjini Bujumbura, na mwaka huohuo Radio Kwizera huko Ngara, ng'ambo tu ya Muyinga, ikiwahudumia wakimbizi. Redio ya RPA (Radio Publique Africaine) ikafuata mwaka 2001, na Radio Isanganiro mwaka 2002. Vituo kadhaa vya Bujumbura vilipochomwa na kuharibiwa Mei 2015, wakati wa jaribio la mapinduzi, walioviharibu walijua vizuri thamani ya walichokuwa wakikizima. Meza ya fundi redio ilikuwa mwisho mwingine wa mnyororo huo huo. Mtangazaji anasema kituoni, na maneno yake yanaweza kuishia kwenye kibati chenye kutu huko kijijini asipokuwepo mtu wa kukikwangua.

Wapo pia watakaosema amplifaya ya hedifoni ni anasa, haina nafasi katika simulizi hii. Lakini ukiifungua utakuta ndugu wa redio: saketi ndogo ya kukuzia sauti, volumu yenye kanda mbili, kapasita za kuchujia, tundu lililolehemiwa kwenye bodi. Aliyeitengeneza redio ya betri anaifahamu tayari, kama anayejua Kirundi anavyoelewa Kiha. Hatari ya kweli iko kwingine, kwenye vifaa vipya vilivyogandishwa kwa gundi, ambavyo haviachi mlango wa bisibisi. Navyo vikiharibika hakuna atakayesoma ndani yake vilitoka wapi wala vilipita mpaka gani.

Gitega ina Makumbusho ya Taifa tangu mwaka 1955, na si mbali na mji liko Gishora, penye ngoma za kifalme ambazo dansi yake UNESCO iliiweka mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika wa binadamu. Mji unaotunza sauti ya ngoma una kila sababu ya kutunza pia kazi ya waliofanya sauti nyingine zisikike. Si lazima ianze na meza nzima ya fundi. Adapta moja ya plastiki kutoka Kobero, yenye matundu matatu bapa upande mmoja na pini mbili za mviringo upande wa pili, ingetosha kuwekwa kwenye kabati la kioo, pamoja na ramani ya mwaka 1919.