Mgomo wa Mombasa wa 1947 na Haki ya Kujiunga na Chama



Anayetaka kujua atarajie nini akijiunga na chama cha wafanyakazi, na aitazame Mombasa ya mwaka 1947.

Tarehe 13 Januari mwaka huo wafanyakazi wapatao 15,000 waliacha kazi: makuli wa bandarini, watu wa reli, hata watumishi wa majumbani. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imepandisha bei za vyakula na kodi za nyumba, mishahara ikabaki nyuma. Chama chao kilizaliwa mgomo ukiendelea. Baadaye Chege Kibachia akawa kiongozi wake. Siku 12 zikapita. Walirudi kazini kwa ahadi ya baraza la usuluhishi, nalo, chini ya Jaji Thacker (ndiye aliyemhukumu Kenyatta kule Kapenguria mwaka 1953), likaamuru nyongeza. Mwezi Agosti Kibachia alikamatwa, akazuiliwa Baringo kwa takriban miaka kumi.

Na hali Papa Leo XIII alikwisha kufundisha katika Rerum Novarum, mwaka 1891, kwamba kuungana hivyo ni haki ya asili ya mwanadamu!

Leo Katiba ya Kenya, Ibara ya 41, inailinda haki hiyo. Hata hivyo, mwanachama atakatwa ada kwenye mshahara, na chama hakina budi kuandikisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili ndipo mwajiri alazimike kukitambua na kujadiliana nacho. Wengi hukata tamaa katika miezi hiyo ya kungoja, idadi ikiwa bado kutimia.